Kupiga Picha Ndani ya Nyumba Yenye Mwanga Haba

Katika miji yetu ya Kongo mtu akifariki, kuna neno moja linaloulizwa mapema sana, pengine kabla ya habari ya jeneza: "Picha yake iko wapi?" Maana desturi ya siku hizi ni kuweka picha ya marehemu mezani, kando ya msalaba na mshumaa, ili wote wanaokuja kwenye kilio waione na kumwombea. Mara nyingi picha haipatikani. Hapo jamaa hutafuta kadi ya kura ya marehemu, ile inayotumika kwetu kama kitambulisho, wakaipeleka kwa mpiga picha, naye akaikuza sura ile ndogo mpaka ienee karatasi kubwa. Uso hutoka wa kijivu, macho yamekodoka, mabega yamekakamaa kama ya mtu aliyeshtakiwa. Na watoto husimama mbele yake wakinong'onezana: "Baba hakuwa hivi."

Nasi tumeyaona hayo katika ukoo wetu, wala si mara moja. Tukajiuliza: mbona simu na kamera zimejaa kila mahali, na picha za wazee hakuna? Jibu lake si gumu. Twapiga picha penye sherehe, nje, jua likiwaka: arusi, komunyo ya kwanza, kijana aliyepata diploma. Lakini wazee hawako nje. Miguu yawauma. Wanakaa ndani, kitini pao, karibu na mbabula ya makala, na mwanga wa hapo ni haba. Ndipo wanapotupokea, ndipo wanapotusimulia mambo ya zamani. Kamera ikielekezwa huko, picha hutoka nyeusi, au hutoka na ukungu kama iliyopigwa na mtu anayekimbia. Basi watu husema, "Hapa hapafai," wakamwinua mzee na kumtoa juani, akakunja uso kwa ukali wa jua. Hiyo nayo si sura yake.

Kwa hiyo, tulipopata kamera ya kidijitali iliyokwisha kutumiwa na mwingine, tulikuwa na kusudi moja tu: bibi yetu, mzaa mama, apigwe picha akiwa kitini pake, nyumbani mwake, si pengine. Amepita miaka 80. Nyumba yake iko Kadutu, mjini Bukavu, ubavuni mwa kilima, ambako nyumba zimebanana hata dirisha la mmoja latazama ukuta wa mwenzake. Umeme nao huja na kwenda unavyotaka wenyewe. Katika kazi hiyo tulikuwa wanafunzi kabisa. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyojifunza, tukitumaini kwamba yatamfaa mwingine mwenye mzee nyumbani.

Jicho latudanganya

Jambo la kwanza ni hili: jicho letu halipimi mwanga sawasawa. Mtu akitoka nje saa 6 mchana na kuingia nyumbani, huona giza kidogo; baada ya dakika chache halioni tena. Anaona kila kitu, hata uzi na tundu la sindano. Mboni imepanuka, jicho limezoea. Lakini ukipima kwa chombo, jua la mchana hutoa mwanga wa kama luksi 100,000, na chumba chenye dirisha dogo chaweza kuwa na luksi 100 tu. Yaani ndani kuna sehemu 1 katika sehemu 1,000 za mwanga wa nje. Jicho lasamehe tofauti hiyo, kamera haisamehe.

Tufanye hesabu kama ya shuleni. Kamera ina mlango mdogo ndani yake, uitwao shata, unaofunguka na kufunga kila unapobonyeza kitufe. Nje juani, kamera ikiwekwa ISO 100 na tundu la lensi f/8, shata yatosha kuwa wazi kwa sehemu 1 ya 400 ya sekunde. Ukiingia ndani bila kubadili kitu, inapaswa kukaa wazi mara 1,000 zaidi, nazo ni sekunde 2 na nusu. Ni nani awezaye kushika kamera mkononi kwa muda huo bila kutikisika hata kidogo? Hayupo. Ukungu wa picha watoka hapo. Kamera haikuharibika, wala mpigaji hana mkono mbaya. Mwanga umepungua tu.

Njia tatu za kuongeza mwanga

Dawa ziko tatu, na yafaa kuzijua zote.

Ya kwanza ni tundu la lensi. Tundu hilo hupanuka na kusinyaa kama mboni ya paka. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba, na namba hiyo huwapotosha wengi, kwa kuwa namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. f/1.8 ni mlango wa kanisa uliofunguliwa wote. F/16 ni tundu la ufunguo. Kutoka f/8 hadi f/1.8 mwanga huongezeka karibu mara 20.

Ya pili ni ISO. Ni uwezo wa kamera kuukuza ule mwanga kidogo ulioingia. Kutoka ISO 100 hadi ISO 1600 ni mara 16. Lakini ina gharama yake: kadiri unavyoipandisha, picha huingiwa na chengachenga, kana kwamba imenyunyiziwa mchanga mwembamba.

Ya tatu ni shata yenyewe, kuiacha wazi muda mrefu zaidi, kwa kadiri mkono unavyoweza kutulia.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Zile sekunde 2 na nusu uzigawanye kwa 20, kisha kwa 16: inabaki kama sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Hapo mkono wa mtu waweza kutulia. Chumba ni kile kile na giza ni lile lile, ila kamera imefunguliwa ipasavyo. Asiye na lensi ya f/1.8 asikate tamaa. Lensi inayouzwa pamoja na kamera nyingi huanzia f/3.5, ikiwekwa pamoja na ISO 3200, shata itafika sehemu 1 ya 60. Ila usivute picha karibu kwa lensi hiyo, maana ikivuta, tundu husinyaa hadi f/5.6. Ni afadhali kusogea kwa miguu.

Juu ya kamera nyingi kuna gurudumu lenye herufi. Watu huliacha kwenye Auto, na kamera huchagua inavyojua yenyewe, mara nyingi kwa kuwasha flashi. Liweke kwenye A, au Av katika kamera za Canon. Hapo wewe wachagua tundu na kamera yachagua shata. Chagua namba ya f iliyo ndogo kuliko zote, pandisha ISO, kisha soma shata kwenye kioo. Ikionyesha 1/60 au 1/125, mtu aliyekaa kimya atatoka vizuri. Mtoto anayecheza ataka 1/250. Wala usiziogope chengachenga. Picha yenye chenga ni picha ya bibi. Picha yenye ukungu si picha ya mtu yeyote.

Dirisha ni taa ya bure

Hesabu peke yake haitoshi. Kabla ya kupiga picha hata moja, tulikwenda kwa bibi asubuhi 3 mfululizo, tukakaa, tukatazama mwanga ukitembea chumbani. Tuliona hivi: saa 2 chumba kilikuwa cheusi. Karibu saa 4, jua liliupiga ukuta wa jirani, uliopakwa chokaa, na ukuta ule ukaurudisha mwanga dirishani mwetu, mpole na mweupe, bila ukali. Muda wa saa moja hivi, kisha ukaondoka. Kumbe ukuta tuliokuwa tukiulaumu kwa kutuzibia jua ndio uliokuwa taa yetu!

Siku ya nne tukamwendea.

"Koko," tukasema, "leo twaomba ruhusa ya kupiga picha yako."

"Picha ya nini kwa mzee kama mimi? Mwaona nimekaribia kuondoka?"

Neno hilo lilituchoma, kwani ndilo tulilokuwa nalo moyoni, na yeye amelisoma. Tukamjibu: "Koko, twataka watoto wa watoto wetu waujue uso wako."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kama ni hivyo, ngojeni nivae kitenge."

Alipovaa, tulikisogeza kiti chake mpaka kikawa mita 1 tu na dirisha, maana mwanga wa dirisha dogo hupungua upesi kwa kila hatua ya kwenda ndani. Hatukumpa dirisha mgongo, kwani mtu anayeliacha dirisha nyuma yake hutoka kivuli kitupu. Wala hatukumwelekeza kulikabili waziwazi. Tulimkalisha ubavu, mwanga umwangukie shavu moja na kuizunguka pua polepole, hata mikunjo ya uso ionekane. Kila mkunjo una historia yake. Upande wa pili, wenye giza, mjukuu alishika shuka nyeupe, iurudishe mwanga kidogo usoni. Taa ya umeme, iliyokuwa imewaka wakati ule, tuliizima. Mwanga wa balbu una rangi ya manjano na ule wa dirisha una rangi ya samawati. Vikichanganyika usoni mwa mtu, hakuna kamera itakayovipatanisha.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa watu weusi. Kamera haijui inatazama nini. Yapima mwanga wote uliomo na kutaka jumla yake iwe kijivu cha wastani. Ukuta mweupe au kanzu nyeupe ya ubatizo ikijaa katika picha, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wa mtoto ukazama gizani. Kinyume chake, giza likiuzunguka uso, kamera hudhani mwanga haukutosha, ikauongeza, na uso ukapauka kama uliopakwa majivu. Dawa ni kitufe chenye alama za + na −. Penye weupe mwingi weka +1. Penye giza jingi weka −1. Ngozi yetu haina kosa lolote. Ni wajibu wa mpigaji kuitafutia kipimo chake.

Anayetulia ndiye anayebaki

Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris kutoka dirishani juu. Barabara hiyo, Boulevard du Temple, ilikuwa na watu na magari ya farasi. Lakini wakati ule picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila aliyepita njiani hakuacha alama. Barabara yaonekana tupu. Amebaki mmoja tu karibu na kona, mtu aliyesimama mguu ukiwa mbele ya mng'arisha viatu. Kwa kuwa alitulia, ndiye aliyeonekana.

Kamera zimebadilika sana tangu hapo. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja katika kaseti. Za leo huhifadhi picha kadhaa kwa sekunde moja. Lakini sheria ile ya 1838 ingali pale pale: penye mwanga haba, anayetulia ndiye anayebaki.

Basi mpigaji atulie kwanza. Aweke viwiko mbavuni, aegemee ukuta, atoe pumzi kabla ya kubonyeza. Lililo bora ni kuiweka kamera juu ya kitu. Sisi tuliilaza juu ya mfuko wa maharagwe wa kilo 2 mezani, nao ukaikumbatia barabara. Tena kidole chenyewe hutikisa kamera, kwa hiyo tuliweka saa ya kujipiga ya sekunde 2: ubonyeze, uondoe mkono, ipige yenyewe.

Lakini mfuko wa maharagwe hautamtuliza mtu anayepigwa. Ukimwambia mzee, "Tulia!" hukakamaa kama kwenye kadi ya kura. Sisi tulimpa bibi kazi yake ya kila siku, kuchambua maharagwe kwenye ungo. Vidole vilikwenda, kichwa kikatulia, akaanza kusimulia jinsi alivyovuka Ruzizi akiwa msichana. Kila msimulizi ana kituo kidogo mwishoni mwa neno, anapovuta pumzi. Hapo ndipo pa kupiga, tena si picha moja bali 3 au 4. Katika 40 tulizopiga asubuhi ile, 6 zilikuwa njema, na moja ilikuwa yeye kabisa.

Tulimwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu: "Huyu ni mama yangu." Hatukuelewa kwanza. Mama yake alifariki zamani sana na hakuna picha yake hata moja duniani. Bibi alikuwa ameuona uso wa mamaye katika uso wake mwenyewe, na sisi nasi tukamwona babu-mama wa ukoo wetu ambaye hatukupata kumjua.

Flashi na taa

Je, flashi ni mbaya? Hapana. Jean Depara, aliyezaliwa 1928 na kufariki 1997, alipiga kwa flashi picha za baa na dansi za usiku za Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na picha zake zinaheshimiwa mpaka ng'ambo. Lakini flashi ndogo iliyo ndani ya kamera humpiga mtu usoni moja kwa moja, ikamfuta mikunjo, ikaacha kivuli cheusi ukutani. Tena nguvu yake huisha upesi: aliye mita 4 hupata sehemu 1 ya 16 tu ya mwanga anaoupata aliye mita 1. Ndiyo maana katika picha za karamu walio mbele hung'aa na walio nyuma hupotea.

Umeme ukikatika na usiku umeingia, usimmulike mtu usoni. Elekeza tochi ya simu kwenye ukuta mweupe au shuka iliyotundikwa, na ukuta utakuwa taa kubwa yenye upole. Mshumaa nao wafaa, ila uwe karibu na uso, na kamera iwe juu ya meza.

Kanisani

Wengi watatuuliza habari za ubatizo na Mkesha wa Pasaka. Kwanza, ombeni ruhusa kwa padri kabla ya Misa, wala si katikati. Pili, zimeni flashi na mlio wa kamera. Mwanga wa ghafula wakati wa mageuzo huwaondoa watu wote katika sala. Tatu, ngojeni mwanga uje wenyewe. Usiku wa Pasaka, waamini wanapopokezana moto wa mshumaa, kila mmoja hushika taa yake mbele ya uso wake, kwa f/1.8 na ISO 3200 hakuna mwanga mzuri kupita huo. Nne, pigeni chache, kisha wekeni kamera chini. Mzazi aliyeutazama ubatizo wote wa mwanawe kupitia kioo cha vidole vitatu hakuuona ubatizo.

Picha isibaki kwenye kamera

Neno la mwisho ni la huzuni kidogo, lakini ni la lazima. Vita vilipofika Kivu mwaka 1996, familia nyingi zilikimbia na vitu vichache tu mikononi. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipoingia Goma, nyumba kwa maelfu ziliteketea. Picha zilizokuwa ukutani na sandukuni zilikwenda na hayo yote, na nyingi hazikuwa na ya pili.

Picha ya kidijitali yaweza kuwa na ya pili na ya kumi bila kupungua. Basi msiiache kwenye kadi ya kamera, wala kwenye simu moja inayoweza kuibwa sokoni au kuanguka majini. Wapelekeeni ndugu walio Lubumbashi, Kigali au Ubelgiji, kila mmoja atunze yake. Tena chapeni moja kwenye karatasi, mwandike nyuma yake jina la mzee, kijiji chake na mwaka, kwani uso bila jina husahaulika katika vizazi 2. Na mumpe mzee mwenyewe nakala yake aitundike. Atafurahi kujiona angali hai.

Hayo yote hayahitaji kamera ya bei kubwa. Hata simu hufuata sheria zile zile za dirisha na za kutulia. Yahitaji asubuhi moja, kiti kilichosogezwa, na subira. Wiki hii, msomaji mpenzi, mtembelee mzee wako, ukae naye, na utazame mwanga waingia wapi.